Zumari: pumzi haikatiki, lakini dakika ya pili kichwa kinazunguka

Kirumbizi_Langoni

Assalaam alaykum wana jukwaa. Wakubwa shikamooni.

Swali langu ni la zumari. Kuzungusha pumzi nimeshakuweza: mashavu yanasukuma, pua inavuta, sauti haikatiki. Dakika ya kwanza raha mustarehe. Ikiingia ya pili, kifua kinajaa hadi kooni, mishipa ya shingo inasimama, kichwa kinakuwa chepesi na nyota nazihesabu. Natamani hewa ilhali sina pa kuitia. Nikiliondoa zumari mdomoni, kitu cha kwanza mwili unachofanya ni kutoa, wala si kuvuta.

Navuta kila baada ya sekunde tatu au nne, vipande vidogo vidogo, kwa kuwa ndivyo nilivyoelekezwa. Tena kuna aliyenishauri niheme haraka haraka mara thelathini kabla ya kuanza, ati nijaze oksijeni. Jani la zumari, kile kipande cha mdomoni kinacholia, ni gumu kidogo. Nakosea wapi?

Fundi_Jani

Wa alaykum salaam. Jibu umelitaja mwenyewe: mwili unataka kutoa. Basi hewa haijakupungukia, imekuzidi.

Filimbi humla mtu pumzi, akashinda anatafuta ya kuongeza. Zumari ni kinyume chake. Mwanya wa jani ni mwembamba, hewa inayopita ni kidogo, ila inapita kwa kusukumwa sana. Sasa wewe unavuta kwa pua kabla hujaipunguza ya ndani, unamimina juu ya mtungi uliojaa. Wapiga obo wa Ulaya, ambao chombo chao na zumari ni ndugu, wana tatizo hilihili, na dawa yao ya kwanza ni kufundishwa kwamba wimbo ukitoa nafasi, utoe kwanza ndipo uvute.

Kwa hiyo shavu lina kazi mbili, na wengi hufundishwa moja tu. Kuna shavu la kuvutia na kuna shavu la kutolea. La kutolea ndilo unalolikosa.

Fanya hivi. Midomo isiachie kile kisahani cha chuma. Mapafu yakifika kama nusu, jaza mashavu huku bado unapuliza. Inua nyuma ya ulimi igote kaakaa, pale pale inapogota ukitamka ng' ya ng'ombe. Sauti ile haitamkiki bila mdomo kufungwa kwa nyuma na pua kuachwa wazi, na hayo mawili ndiyo unayoyataka. Mashavu yanasukuma jani, na wewe unatoa kwa pua mkupuo mmoja. Kurudi kwenye mapafu, pita kwenye ng ya ngazi: kaakaa linapanda kuziba pua, kisha ulimi unaachia. Puliza mapigo mawili matatu ya ngoma, jaza mashavu tena, na safari hii vuta. Toa, puliza, vuta, puliza. Ukishazoea, mtu mwenye mashavu mazuri anaweza kutoa na kuvuta ndani ya shavu moja, lakini usianzie huko.

Na hilo jani badilisha. Jani gumu linafaa kwa aliyekwisha kujua, kwa anayejifunza ni adhabu. Chukua linalolia kwa msukumo mdogo, liloweshe vizuri kabla ya kupuliza, maana jani kavu nalo hudai nguvu.

zamu_ya_usiku

Niongezee upande wa mwili, kwa sababu ushauri wa "vipande vidogo vidogo" una hesabu mbaya ndani yake.

Mtu mzima aliyetulia huvuta kama mililita 500 kwa pumzi moja, mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika hizo 500, karibu 150 hazifanyi kazi yoyote: zinaishia puani, kooni na kwenye mirija mikubwa, ambako hewa na damu hazikutani. Zinazofika kwenye vifuko vya mapafu ni 350. Tena zile 150 ulizozikuta njiani ni hewa iliyokwisha kutumika, na ndiyo inayotangulia kurudi ndani kila unapovuta.

Chukua mivuto kumi ya mililita 200. Jumla lita 2. Kila mmoja unapoteza 150, kwa hiyo inayofika ni 50, mara kumi ni 500. Sasa chukua lita 2 hizohizo kwa mivuto minne ya 500: inayofika ni 1,400. Pua imefanya kazi ileile, faida imekaribia mara tatu. Vuta mara chache, vuta ya maana. Lakini mvuto wa maana unataka nafasi, na nafasi haipatikani bila kutoa, kama Fundi alivyosema.

Hewa unayoivuta ina oksijeni kama asilimia 21, na unayoitoa bado ina kama 16. Oksijeni haijaisha. Kilichopanda ni hewa ukaa: kutoka chini ya asilimia 0.1 hadi kama 4. Na kengele ya kutaka kupumua inapigwa hasa na hewa ukaa iliyozidi kwenye damu, muda mrefu kabla oksijeni haijapungua kiasi cha kutisha. Ndiyo maana unajisikia kukosa hewa wakati kifua kimejaa.

Kuhusu zile mara thelathini: ziache. Damu inayotoka kwenye mapafu mazima tayari imebeba oksijeni kwa asilimia 95 na zaidi ya uwezo wake, hakuna pa kuongezea. Unachofanya ni kuifukuza hewa ukaa. Ikishuka sana, mishipa ya damu ya ubongoni husinyaa, kichwa kinakuwa chepesi, na midomo na ncha za vidole zinaanza kufa ganzi. Sasa niambie utazibaje matundu kwa vidole vya ganzi. Wapiga mbizi ndio wa kuonywa zaidi: wakihemahema hivyo kabla ya kuzama, kengele inachelewa, oksijeni inakwisha kwanza, na mtu anazimia chini ya maji bila kuhisi lolote.

Nyota unazoziona zina sababu nyingine pia. Ukipumua kawaida, shinikizo ndani ya mapafu hupanda na kushuka kwa kama sentimita moja tu ya maji, yaani nguvu ya kutoa povu kwenye mrija uliozama sentimita moja. Kwenye vyombo vya jani mbili, kama zumari na obo, hufika makumi ya sentimita. Likikaa juu bila kushuka, damu ya kurudi moyoni inazuiwa mlangoni, shingo inavimba, moyo unapokea kidogo na kupeleka kidogo kichwani. Kutoa kwa pua katikati ya wimbo kunaushusha huo mzigo kifuani japo kwa nukta. Shinikizo la ndani ya jicho nalo hupanda, kwa hiyo mwenye glakoma, mwenye ngiri, au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho au tumbo karibuni, amwone daktari kabla ya kulishika zumari.

Mrija_na_Glasi

Haya, na mazoezi. Msijifunzie kwenye zumari lenyewe, majirani wana haki zao.

Anza na maji mdomoni. Jaza mashavu maji, toa midomo mbele, yatiririshe kama uzi mwembamba kwenye beseni kwa kubana mashavu tu, huku pua inavuta na kutoa kwa starehe zake. Maji hayana udanganyifu: ukisukuma kwa kifua badala ya shavu, utapaliwa, na utajua.

Kisha mrija wa soda kwenye glasi ya maji. Mrija uliozama sentimita 10 unakudai shinikizo lisilopungua sentimita 10 za maji, kwa hiyo una mizani ya bure. Ibane ncha ya juu kwa midomo, au uukunje kidogo, maana mrija ulio wazi unamaliza shavu mara moja kabla pua haijafanya kitu. Puliza, tazama mapovu. Kazi yako ni mapovu yasikatike pua inapovuta. Yakishatulia kwa dakika moja, chukua chupa ya lita moja na nusu, kata shingo, zamisha mrija sentimita 20. Hapo utaonja kidogo zumari linachodai.

Makosa ninayoyajua ni matatu. La kwanza, mtu anasubiri shavu liishe kabisa ndipo arudi mapafuni, mapovu yanakatika. Rudi shavu likiwa nusu. La pili, anavuta polepole. Mvuto uwe wa kushtuka, kama aliyenusa moshi jikoni. La tatu ni mabega. Yakipanda, umepumulia juu ya kifua, mahali padogo na panapochosha. Funga mkanda au kanga kiunoni chini ya mbavu. Mvuto ukiwa sahihi, mkanda unabana ubavuni na mgongoni, si mbele peke yake.

Baada ya mrija, jani peke yake bila zumari. Halafu zumari kwa sauti moja ya katikati, vidole visichezecheze. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, na mafua yakikushika pumzika, pua iliyoziba haikupi mililita 500.

Bi_Mkoroma

Samahanini naingia kati. Nimesikia kupuliza hivi kunaponya kukoroma. Ni kweli au ni maneno ya barazani?

zamu_ya_usiku

Dada, yana chanzo, ila chanzo si zumari. Mwaka 2006 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio lililofanyika Uswisi kwa watu 25 wanaokoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini kwa kiwango cha wastani. Waliopangiwa kujifunza dijeridu, lile bomba refu la mbao la wenyeji wa Australia, walipiga kwa miezi minne, karibu siku sita kwa wiki, kama dakika 25 kila siku. Usingizi wa mchana ulipungua na pumzi zilikatika mara chache kuliko kwa wenzao waliokuwa bado wanasubiri zamu ya kufundishwa. Maelezo yao ni kwamba misuli ya koo inapata mazoezi, haiangukii njia ya hewa mtu akilala. Utafiti huo ulipewa tuzo ya amani ya Ig Nobel, zile tuzo za mzaha za tafiti zinazochekesha kisha zikafikirisha, mwaka 2017, na ukizingatia anayelala pembeni ya mkoromaji, tuzo ya amani si mzaha mtupu.

Lakini watu 25 ni wachache. Na dijeridu ina bomba pana, shinikizo lake ni dogo kuliko la jani mbili, kwa hiyo usilihamishie zumari matokeo hayo. Ikiwa anayekoroma anasita kupumua kisha anashtuka kama aliyekabwa, na mchana anasinzia akiwa ameketi, hospitali kwanza.

Kirumbizi_Langoni

Shukrani sana wakuu. Fundi, hiyo ng' ya ng'ombe imenifungua macho, na shavu la kutolea limekubali kwenye mrija. Zimebaki mbili. Nikihamia kwenye shavu sauti inashuka, kila msikilizaji anajua hapa kavuta. Na mwishoni mwa mazoezi puani kunatoka mlio kama wa kukoroma ilhali sivuti.

Fundi_Jani

Naanza na la pili, ndilo la kusimamisha kazi. Huo mlio ni kaakaa laini limechoka, haliwezi tena kuziba pua dhidi ya shinikizo, hewa inavuja kwa nyuma. Usiling'ang'anie. Weka zumari chini kwa siku hiyo, kesho punguza muda nusu. Likirudia hata ukiwa umepumzika, au ukiona vinywaji vinapandia puani, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

La kushuka sauti: shavu lina nguvu ndogo kuliko kifua, na wewe unamwachia zamu ghafla. Wapishanishe. Shavu lianze kubana kabla ulimi haujafunga nyuma, kwa nukta moja wasukume wote wawili, ndipo kifua kitoke. Wakati wa kurudi vivyo hivyo. Kaza pembe za midomo, maana misuli ya shavu imejishikiza hapo. Pembe zikilegea shavu linafura kama chura na halisukumi kitu.

Halafu chagua pa kubadilishia. Usihamie kwenye sauti ndefu iliyonyooka, hapo hata mtoto atakusikia. Hamia unapochezesha kidole juu ya tundu, sauti inapotikisika yenyewe, au juu ya pigo zito la ngoma kubwa. Wazee wanaposifiwa kuwa hawavuti pumzi, wanavuta sana, ila wanavutia kwenye vikolombwezo.

Na ukisikia sauti inaruka juu badala ya kushuka, umebana shavu kupita kiasi. Hapo usiguse midomo; jaza shavu pungufu, kama tonge la wali na si kama embe zima.