Fremu ya mbao, ya alumini, au bila fremu kabisa? Nina picha tatu

MgeniWaUkuta
Wakuu, salaam. Nina picha tatu zimelala kabatini mwaka wa pili sasa. Moja ni ya rangi za maji kwenye karatasi ya A3, nyingine ni mchoro wa mkaa wa ukubwa huohuo, na ya tatu ni ya rangi za mafuta kwenye turubai, sm 60 kwa 80. Zote nataka zipande ukutani sebuleni. Nasita kati ya mbao na alumini, na kuna mtu kaniambia ya turubai haihitaji fremu. Mliokwisha kupitia haya, mnasemaje?

SeremalaMstaafu
Mkuu, kwa ukubwa huo mbao na alumini zote zinabeba, chagua inayokupendeza. Alumini ni nyembamba na haipindi kwa unyevu. Mbao ikikwaruzika unapiga msasa na kupaka upya. Binafsi sipendi plastiki iliyopakwa rangi ya mbao, kona zikiachia hazina dawa. Ila umeuliza swali dogo. Kubwa ni kile kitakachogusa karatasi ndani ya fremu.

BiRangi
Hapo babu kasema. Nilipeleka picha yangu ya rangi za maji kwa fundi, macho yangu yote yako kwenye fremu, sikuuliza kingine. Baada ya miaka 6 naifungua, nakuta mstari wa kahawia umezunguka picha utadhani imeunguzwa na pasi. Ile kadi nene iliyokatwa dirisha katikati ilikuwa ya massa ya mbao yenye tindikali, na tindikali imehamia kwenye karatasi. Tena aliibandika kwa selotepu. Fundi simtaji, nusu ya kosa ni langu. Dai kadi isiyo na tindikali, ya mbele na ya nyuma, na picha ishikwe kwa juu tu ili karatasi ipate nafasi ya kutanuka.

Kalamu_na_Rula
Samahani, mi naona mnamtisha. Kadi si ni pambo tu? Picha zangu nimezibana kwenye kioo moja kwa moja na zinapendeza.

BiRangi
Zinapendeza leo. Unyevu ukiganda ndani ya kioo, karatasi inanata, na ukiivuta rangi inabaki kwenye kioo. Kadi ndiyo inayoacha nafasi pale.

Kalamu_na_Rula
Sawa, nimekaa kimya. Ila usikimbilie kuagiza fremu ya kupimisha. A3 ni sm 29.7 kwa 42. Fremu ya A2 iliyo tayari inakuachia karibu sm 6 kila upande na karibu 9 juu na chini. Unakata kadi tu.

Nuru3
Na kioo je? Mimi niliweka akriliki, ile plastiki angavu kama kioo, kila mahali. Ni nyepesi, kama nusu ya uzito wa kioo, na ikianguka haimwagi vipande. Wenye watoto watanielewa.

SeremalaMstaafu
Kwa rangi za maji, sawa. Kwa mkaa, hapana! Ukiifuta akriliki inajaa umeme tuli, nao unavuta unga wa mkaa kutoka kwenye karatasi. Mchoro huo uwekee kioo, na kadi nene ili kisiusogelee. Akriliki pia usiifute kwa kitambaa kikavu, inakwaruzika upesi.

Nuru3
Hilo la mkaa sikulijua. Niongeze kwamba kuna kioo kinachochuja miale ya urujuanimno, nacho kinafaa kwa rangi za maji kwa sababu hupauka haraka. Lakini hata hicho hakizuii mwanga wa kawaida, kwa hiyo usiitundike ikitazamana na dirisha la jua.

SeremalaMstaafu
Kuhusu turubai, aliyekwambia hakukosea, mradi kingo zimepakwa rangi na pini hazionekani ubavuni. Kama zinaonekana, weka fremu ya kuelea, ile inayoacha ufa mwembamba kati yake na turubai. Kioo usiweke, rangi ya mafuta inataka hewa. Na kama ni mpya, vanishi ya mwisho kwa kawaida husubiri miezi 6 hadi 12. Zote tatu zitundike kwa ndoano mbili mbili, moja inaacha picha ikipinda kila mlango ukibamizwa.

MgeniWaUkuta
Asanteni sana. Nimeitoa ile ya rangi za maji niangalie mgongo wake. Imebandikwa kwenye kipande cha boksi, selotepu pande zote nne. Niibandue?

BiRangi
Usiivute! Kata selotepu kwa wembe pale inapovuka ukingo wa karatasi, boksi lenyewe litoke. Kilichobaki kwenye karatasi kiache hadi umpate fundi wa kuhifadhi karatasi. Halafu tuletee picha ya huo mgongo.