Sakafu ya bahari ni tambarare kabisa: je, shimo moja la kuchoronga linatosha?

Tabaka7

Wakuu, heshima zenu. Ijumaa natakiwa kuwasilisha mpango wa uchunguzi wa eneo, na roho yangu haijatulia.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi, mwaka wa tatu kazini, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya baharini. Tunasimika jukwaa dogo la chuma la miguu minne kwenye kina cha mita 41, pamoja na bomba la kilomita 9 hadi nchi kavu. Nguzo zitapigiliwa kwa kreni iliyo juu ya chombo cha kujiinua, kile cha miguu mitatu inayoshushwa hadi chini, kisha chombo chenyewe kinapanda juu ya maji. Mdomo wa mto mkubwa uko kilomita 14 kutoka hapo.

Mezani nina ramani ya sona ya miale mingi, inayopima kina cha sakafu ya bahari kwa mwangwi wa sauti. Ndani ya mraba wa kilomita moja, tofauti ya kina haifiki sentimita 60. Kwa sababu hiyo meneja wa mradi anasema mashimo manne niliyopendekeza hayana haja. Tuchoronge moja katikati ya jukwaa, yatosha.

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Kwenye picha za profaila, kifaa kinachotuma sauti hadi ndani ya udongo, matabaka yamelala vizuri kama mikeka iliyopangwa, lakini upande wa kaskazini-mashariki picha inafutika ghafla, kana kwamba mtu ametundika pazia. Pazia hilo lina upana wa mita 300 hivi, linaanza mita 9 chini ya sakafu, na ukingo wake uko mita 120 kutoka kona ya jukwaa. Ripoti imeandika "upenyaji hafifu wa sauti" ikaishia hapo.

Je, nakosea kung'ang'ania mashimo manne? Na hilo pazia ni kitu gani?

---

MzeeKoni

Mwanangu, hukosei kuwa na wasiwasi. Ila wasiwasi haupiti kwenye kikao cha bajeti, kwa hiyo nitakupa hoja.

Anza na mto wako. Mto huo haukuwa ukiishia pale unapoishia leo. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini mwa dunia, bahari ilikuwa chini ya usawa wa sasa kwa mita 120 hivi. Hapo penu pa mita 41 palikuwa nchi kavu. Mto ulipita huko, ukachimba bonde, ukalihama, ukachimba jingine. Bahari iliporudi, mabonde yakajaa matope laini, na juu yake ukatandazwa mchanga. Leo ukipita na sona unaona uwanja wa mpira. Sona ya miale mingi inakuonyesha ngozi ya bahari. Bonde limelala chini ya ngozi.

Sasa nikusimulie kwa nini nalisemea hili kwa uchungu. Nilikuwa mtu wa udongo kwenye chombo cha kujiinua kama hicho chenu, kina cha mita 33. Tulikuwa na shimo moja, mita 150 kutoka tulipotua. Lilionyesha mchanga uliobanana wa mita 6, na chini yake udongo wa mfinyanzi wa ugumu wa wastani. Karatasini tulikuwa salama. Tukaanza kujaza maji ya uzito ili miguu iibane ardhi kabla ya kazi, maana huo ndio mtihani halisi wa udongo. Mguu wa mbele ukatulia, wa kulia ukatulia. Wa kushoto ulisimama imara dakika 40 nzima, nikiusoma kila baada ya dakika 5 na kuandika namba ileile. Kisha ukatumbukia mita 3, haraka kuliko mtu anavyoweza kupiga kelele. Sitaha iliinama, vyuma vya mguu vikapinda pale vinapopita kwenye kiwiliwili cha chombo, na fundi mmoja akavunjika mkono. Hatukuzika mtu, kwa sababu sitaha ilikuwa imeinuliwa mita moja na nusu tu juu ya maji, kama utaratibu wa kujaza uzito unavyotaka. Ilipoinama, bahari yenyewe iliipokea.

Baadaye tulisukuma koni, fimbo ya kupima udongo, mahali palepale. Mchanga ulikuwa mita 1.8 tu. Chini yake, hadi mita 14, matope yenye nguvu ya kilopaskali 15 hivi, kitu unachokiminya kwa vidole kikatoka katikati yake. Ukingo wa bonde la kale ulikuwa umepita kati ya shimo letu na mguu wetu. Tabaka gumu jembamba juu ya tabaka laini: mguu hukanyaga, tabaka hustahimili, hustahimili, halafu hukatika lote kwa mara moja. Wala halikupi onyo.

Tangu siku hiyo sijasaini mpango wa chombo cha kujiinua wenye shimo moja, na nimeshapoteza kazi mbili kwa msimamo huo.

Lakini pia usidai mashimo manne. Dai mashimo mawili na koni saba. Kipimo cha koni hakitoi udongo; ni fimbo ya chuma yenye ncha ya nyuzi 60, eneo la sentimita 10 za mraba, inayosukumwa kwa sentimita 2 kwa sekunde, na njia nzima inapima ukinzani wa ncha, msuguano wa ubavu na mgandamizo wa maji yaliyo kati ya chembe. Tabaka la nusu mita ambalo sampuli zingeliruka, koni hailiruki. Weka koni moja kila mguu wa jukwaa na moja kila kiatu cha chombo cha kujiinua, yaani bamba pana lililo chini ya mguu, jumla saba. Mashimo mawili ni ya kupata sampuli za kupima maabara na kukuambia koni ilikuwa inasoma nini. Moja liwe jukwaani. La pili liwekwe pale ambapo profaila inaonyesha matabaka yakibadilika. Hata kama pako mbali kidogo na jukwaa, ndipo utakapojifunza zaidi.

Kina cha uchunguzi kwa ajili ya miguu ya chombo: angalau mita 30, au kina ambacho kiatu kinatarajiwa kuzama ukiongeza mara 1.5 hadi 2 ya kipenyo chake, chukua kilicho kikubwa. Kiatu cha mita 8 kikitarajiwa kuzama mita 20, unahitaji mita 36. Kwa nguzo za jukwaa, shimo lipite ncha ya nguzo kwa vipenyo kadhaa. Usiliishie pale nguzo inapoishia.

Jambo moja dogo ambalo huharibu kazi kubwa: sampuli za matope laini zipimwe nguvu humo humo melini, siku hiyohiyo, na zinazobaki zizibwe kwa nta na zisafirishwe zikiwa zimesimama. Nimeona masanduku yamelazwa kwenye jua la sitaha siku 3, halafu maabara inatoa namba, na watu wanasanifu nguzo kwa namba hizo. Inauma.

Kuhusu pazia namwachia anayezijua sauti.

---

sona_usiku

Nipo. Asante kwa kuniachia nafasi, mzee.

Dada, dhana yangu ya kwanza ni gesi, na ya pili ni gesi. Mto uleule aliousema mzee ulibeba majani, mizizi na uchafu wa kila aina. Vimezikwa, vinaoza bila hewa, vinatoa methani, na viputo vinakwama ndani ya matope. Sauti kwenye matope yaliyojaa maji huenda kwa kasi inayokaribia ile ya majini, mita 1,500 hivi kwa sekunde. Viputo vikifika hata asilimia 1 ya ujazo, kasi inaweza kushuka hadi mita mia chache, na nishati nyingi inatawanywa. Ndiyo maana chini ya hapo huoni kitu.

Ila usiandike "gesi" kwenye mpango kabla ya kuthibitisha. Changarawe na matumbawe pia huzuia sauti. Fanya hivi. Omba data ghafi, siyo picha za ripoti. Tazama umbo la wimbi la mwangwi kutoka juu ya pazia, ulilinganishe na mwangwi wa sakafu ya bahari. Likiwa limegeuka, pale penye mlima pana bonde, sauti imeingia kwenye kitu chepesi kuliko kilicho juu yake, na hiyo ni alama ya gesi. Likiwa halijageuka, fikiria kitu kigumu. Kisha rudi kwenye faili za sona ya miale mingi na ufungue mwangwi wa ndani ya maji, ambao watu wengi huutupa wakibaki na kina tu. Viputo vinavyopanda huonekana humo kama moshi wa jiko. Angalia pia kama kuna visahani vidogo vya mviringo juu ya sakafu, maana gesi inapotoka huacha makovu.

Profaila yenu nadhani ni ya kilohezi 3.5. Urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 43, hivyo inaona matabaka membamba vizuri, lakini haina nguvu ya kwenda chini. Iombe meli ipite tena na spaka, chanzo cha sauti ya cheche za umeme inayopenya zaidi, yenye mkia wa vipokezi vingi. Itakuonyesha kando na chini ya pazia, na mzee atapata ukingo wa bonde lake.

Na tafadhali, asichoronge mtu ndani ya hilo pazia. Mwaka 1985 mtambo wa West Vanguard huko Norwe ulikutana na gesi ya kina kifupi ukiwa unachoronga, gesi ikafoka, ikalipuka, na mtu mmoja akafariki. Ule ulikuwa mtambo mkubwa wa kutafuta mafuta. Meli ya udongo ina shimo dogo zaidi, lakini haina vali za kuzuia mfoko.

---

BombaRefu

Nyongeza fupi kuhusu neno "tambarare". Agosti 1969, kimbunga Camille kilipopita Ghuba ya Meksiko, jukwaa lililojulikana kama South Pass 70 B, kwenye kina cha mita 100 hivi karibu na delta ya Mississippi, lilisukumwa mita 30 hivi na matope yaliyoporomoka. Mteremko pale haukuwa hata na mwinuko wa kuuona kwa macho, nyuzi 1 au chini yake. Mawimbi yalikandamiza na kuinua matope laini hadi yakaachia. Kwa hiyo karibu na mdomo wa mto, utambarare haukupi dhamana.

Bomba lako la kilomita 9 nalo lisisahaulike, maana naona wote mmejazana jukwaani. Chukua sampuli za mita 3 hadi 6 kwa bomba la kutetema, linalozamishwa udongoni kwa mtetemo, kila penye badiliko la udongo, na linganisha ramani yako na ramani yoyote ya zamani ya njia hiyo. Kama kuna vilima vya mchanga na vimehama, bomba litabaki likining'inia kati ya vilele viwili na mkondo utalitikisa mpaka lichoke. Pitisha magnetomita pia, kifaa kinachohisi chuma kilichozikwa. Nyaya za kale na mabomu ya vita hayaonekani kwenye sona yakishazikwa.

---

Tabaka7

Shikamoo Mzee Koni, na asanteni wote. Nimeshinda ofisini siku mbili na data ghafi.

Wimbi limegeuka. Nimeliangalia kwenye mistari 11 iliyopita juu ya pazia, na kwenye mistari 9 kati ya hiyo limegeuka waziwazi. Ndani ya maji sikuona moshi. Visahani vipo vitatu, upana wa mita 6 hadi 10, vyote juu ya pazia.

Halafu nikafanya kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Nikachukua mstari mmoja baada ya mwingine, nikaweka alama mahali ambapo mikeka inaanza kuinama, nikaziunganisha alama kwenye ramani. Zimetoa mkanda unaopinda, ukitokea upande wa mdomo wa mto na kwenda bahari kuu. Pazia limekaa ndani yake. Na ukingo wa mkanda unapita chini ya mahali utakapokanyaga mguu wa nyuma wa chombo cha kujiinua.

Nilipomwekea meneja ramani hiyo mezani alikaa kimya muda mrefu. Amekubali koni saba na spaka. Shimo la pili anasubiri bei.

---

MzeeKoni

Marahaba, mwanangu. Hiyo ramani ya mkanda umeifanya vizuri sana, na nakuambia kwa dhati, nimefanya kazi na watu wa miaka 15 ambao wasingeichora.

Kabla ya bei kuja, peleka swali jingine kwa meneja: je, jukwaa linaweza kusogezwa mita 250 kusini-magharibi? Kwenye hatua hii kusogea ni kubadilisha namba kwenye mchoro. Miguu yote mitatu ya chombo itatoka juu ya bonde, na utakuwa mbali na gesi. Akikubali, shimo la pili halihitaji tena kwenda ukingoni, litaenda kuthibitisha mahali papya. Akikataa, basi shimo la ukingoni ni la lazima, na lichorongwe nje ya pazia, meli ikae upande upepo unakotoka, vigunduzi vya gesi viwe kwenye sitaha na matope mazito ya kuizuia gesi shimoni yawe tayari tankini.

Chora pia chombo cha kujiinua kikiwa kimegeuzwa nyuzi 180. Mara nyingine mguu hutoka kwenye bonde kwa kugeuza tu.

Picha ya spaka ikitoka, iweke hapa. Niko baharini hadi tarehe 20, lakini usiku intaneti inapatikana.