Tupeane uzoefu: mwenye nyumba aliwahi kukuchukulia vyombo kwa sababu ya kodi?

Msoto wa Roysambu
Habari za jioni wadau. Juzi nimerudi kazini saa tatu usiku nikakuta kufuli langu limekatwa na jingine kubwa limewekwa. Nadaiwa mwezi mmoja na nusu. Kodi ni 8,500, kwa hivyo deni ni 12,750. Nimelala kwa rafiki. Asubuhi keateka, msimamizi wa ploti, akanifungulia nichukue "nguo za kazi tu". Ndani televisheni hakuna, subufa hakuna, mtungi wa gesi hakuna. Naambiwa viko kwa landilodi, salama, mpaka nilipe. Karatasi sijapewa hata moja. Kituoni wakaniambia hayo ni maneno ya nyumba, mkamalizane.
Tafadhali msiniambie nilipe kodi, najua nadaiwa. Nataka waliopitia haya: mlifanyaje, na vitu vilirudi?

Mama Pili
Pole sana mwanangu. Mimi nakaa Majengo, Mombasa, nyumba ya Kiswahili, chumba kimoja, kodi 2,300. Kuna mwaka baba watoto alikosa kibarua bandarini miezi mitatu. Mwenye nyumba akaja na vijana wawili, wakabeba kabati na kitanda cha mtoto, godoro wakalibwaga uani mbele ya wapangaji wote. Ile aibu ndiyo iliyoniuma kuliko kabati.
Mdogo wangu ndiye aliyenifungua macho. Nyumba ambayo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi iko chini ya ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, na humo mwenye nyumba hana ruhusa ya kukamata kitu cha mpangaji mpaka tribunali ya kodi imkubalie. Tukapeleka malalamiko. Bwana alipopata barua ya kuitwa tu, kabati likarudi kwa mkokoteni siku ya Ijumaa kabla ya swala. Deni nilimlipa pole pole na akapokea.

Msoto wa Roysambu
Ahsante mama. Lakini kwa 2,500 hapa Nairobi labda nipange ngazi.

Karani Mstaafu
Nilikuwa karani kwa dalali mmoja wa mnada kwa miaka miwili, kwa hivyo haya nimeyaona kutoka upande ule mwingine. Kwanza niwatoe kwenye kosa ambalo kila mtu hulirudia: "bila amri ya mahakama hawezi kugusa kitu." Kwa nyumba ya 8,500 hiyo si kweli. Kuna Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, Sura ya 293, inampa mwenye nyumba haki ya kukamata mali ya mpangaji anayedaiwa bila kupitia kwa hakimu kwanza.
Ila haki hiyo ina njia yake, na njia yenyewe hupita kwa dalali mwenye leseni, si kwa keateka na jamaa zake. Mwenye nyumba humwandikia dalali barua ya maagizo. Dalali huja na karatasi tunayoiita proklamesheni. Mimi ndiye niliyekuwa nikiijaza: kitu kimoja kimoja, hali yake, thamani yake. "Televisheni inchi 32, inafanya kazi." "Kochi, mguu mmoja umevunjika." Mwenye mali au mtu mzima aliyemo ndani hutia sahihi. Kisha unapewa notisi ya siku za kukomboa, na vitu vinabaki hapo hapo kwako. Siku zikiisha hujalipa ndipo hubebwa, mnada ukatangazwa gazetini, vikauzwa. Na kama dalali anaona itabidi mlango uvunjwe, anatakiwa aende mahakamani kuomba amri na polisi wa kuandamana naye. Usiku pia hakuna kukamata, ni baina ya jua kuchomoza na kutua.
Sasa ndugu Msoto, hebu linganisha na kufuli lako.

Fundi Cherehani
Karani, huenda ni wewe uliyenijia!
Mimi nashona Kawangware. Nilidaiwa kodi ya kibanda miezi miwili. Siku hiyo nina cherehani moja na sare za shule 14 za wateja, zimebaki vifungo. Dalali kaingia na watu wake, anahesabu: cherehani, pasi, kioo, "na hizi nguo". Mzee mmoja fundi wa viatu jirani yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaa kwenye mashine. Usiinuke." Sikujua kwa nini. Nikakaa, nikaanza kukanyaga. Nashona kitu ambacho hakipo, kitambaa cha kupangusia! Dalali akasimama, akaniangalia, nami namwangalia, mguu unakwenda. Akaandika pasi, kioo na meza. Cherehani akairuka. Nguo za shule nazo akaziacha nilipomwonyesha daftari la wateja lenye majina na vipimo.
Mpaka leo wenzangu wananitania kwamba nilimfukuza dalali kwa kukanyaga.

Karani Mstaafu
Si mimi, fundi, mimi nilikuwa Nakuru 😂 Lakini yule mzee wa viatu alijua. Kitu kinachotumika mikononi mwa mtu wakati ule ule hakikamatwi. Na mali ya mteja uliyoletewa uifanyie kazi pia haikamatwi kwa deni lako. Lile daftari lilikuwa na nguvu kuliko wakili.

Binti wa Umoja
Hapo kwa mali ya mtu mwingine. Mimi ndiye nilikuwa na friji, rafiki niliyeishi naye ndiye mpangaji kwenye karatasi. Dalali alipoiandika friji, nilimpelekea tamko la maandishi kwamba ni yangu na si ya mdaiwa, nikabandika na risiti. Ikatolewa kwenye orodha. Urafiki haukupona.

Mwenye Ploti
Niseme na mimi ingawa najua mtanirukia. Nina vyumba 9 Kitengela, nilivijenga kwa mkopo, na benki haijui habari ya mpangaji aliyekosa kazi. Nimehamwa usiku mara mbili. Mmoja aliondoka na balbu. Wa tatu nilimtumia dalali kihalali kabisa. Nikalipa gharama, vitu vikauzwa, na baada ya ada ya dalali nilichopata hakikufika hata kodi ya mwezi mmoja. Kwa hivyo wanaokata kufuli nawaelewa hasira yao, ila siwaigi. Jirani yangu alifanya hivyo, mpangaji akadai ndani ya droo kulikuwa na 40,000. Utathibitishaje hazikuwepo? Hakuna orodha!

Jua Kali 2020
Wakati wa korona mimi hawakuchukua kitu ndani. Waling'oa mlango. Nililala wiki nzima na pazia, na wakati huo kuna kafyu.

Mtu wa Temeke
Huku kwetu Dar baba mwenye nyumba hangoji umkope, ameshakula miezi sita mbele. Tatizo letu huja ile miezi ikiisha. Mimi alinizuilia kitanda na jiko, nikaanza kwa mjumbe, tukaenda Serikali ya Mtaa, mwenyekiti akatuandikisha makubaliano, nikabeba vyangu. Ingeshindikana ningekwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sikuchukua hata wiki.

Shangazi Risiti
Mimi vyangu viliuzwa. Friji na kochi, mwenye nyumba mwenyewe, bila dalali. Nilidaiwa 21,000. Nikaenda Mahakama ya Madai Madogo hapa Kenya, ile inayosikiliza madai yasiyozidi milioni moja na ambayo sheria inaitaka imalize kwa siku 60. Wakili si lazima, nilijisemea. Msiende kule kugombania nyumba yenyewe, hawana mamlaka hayo. Enda kwa ajili ya mali yako.
Friji nilikuwa na risiti. Kochi sikuwa nayo, nikatoa picha ya siku ya kuzaliwa ya mwanangu, keki iko mezani na kochi liko nyuma. Ikakubaliwa! Vikathaminiwa 35,000 kama vitu vilivyotumika. Mwenye nyumba naye akaleta deni lake la kodi, likakatwa humo humo. Nikabaki na 14,000. Kwa hivyo usidhani kosa lake linafuta deni lako, vinakwenda pamoja kwenye mizani.

Karani Mstaafu
Msoto, rudi kituoni, lakini ubadilishe maneno. Ukisema "landilodi amenifungia", watakuambia maneno ya nyumba. Sema kufuli limekatwa na televisheni imechukuliwa bila wewe kuwepo, taja namba ya nyuma ya televisheni, omba namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Kisha mwandikie mwenye nyumba: orodha ya vitu, tarehe, umuulize jina la dalali wake na leseni yake. Baki na nakala. Jumbe za M-Pesa za kodi uliyolipa usizifute.

Msoto wa Roysambu
Nimerudi na habari, siku tisa baadaye. Namba ya televisheni niliipata kwenye boksi, lilikuwa juu ya kabati, hawakulibeba. OB nimepewa. Barua nilimpelekea landilodi kwa mkono, na picha yake nikamtumia WhatsApp. Alama mbili za buluu, kimya siku mbili. Ya tatu akapiga simu, "kijana, mbona unaandika barua kama serikali?" Tukakutana mbele ya mzee wa mtaa. Nimetoa 5,000, 7,750 nalipa kwa awamu mbili, tumeandikiana.
Televisheni imerudi, subufa imerudi. Mtungi wa gesi pia umerudi. Niliuinua kwa mkono mmoja.

Mama Pili
Wamekupikia pilau mwanangu 😂

Msoto wa Roysambu
Na sikualikwa.