Wakuu, nimekwama na tasnifu ya Carl Nielsen. Nianzie wapi?

Binti_Tromboni

Habari za jioni wakuu. Niko Copenhagen, mwaka wa pili wa uzamili wa muziki. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuandika tasnifu ya muziki au historia.

Nimeamua kuandika juu ya Carl Nielsen (1865–1931). Kwa asiyemjua, huyu ndiye mtunzi mkubwa wa Wadenmark: simfoni sita, opera mbili, na nyimbo ambazo watu hapa wanaziimba tangu shule bila hata kujua nani alizitunga. Sura yake ilikuwa kwenye noti ya kroni 100. (Ya 50 ilikuwa na Karen Blixen, yule wa shamba la kahawa la Ngong. Basi Wadenmark wametembea na Ngong mfukoni miaka kadhaa.)

Kilichonivuta ni utoto wake. Mtoto wa saba kati ya kumi na wawili, kijijini karibu na Nørre Lyndelse, kisiwa cha Funen. Baba alikuwa mpaka rangi, na penye harusi anaitwa kupiga fidla. Mwaka 1879, akiwa na miaka 14, akaingia bendi ya jeshi mjini Odense, akapewa tarumbeta ya ishara na tromboni ya alto (tromboni ni ile ala ya shaba yenye bomba la kuvuta). Mimi nimepiga tromboni kwenye kwaya ya tarumbeta usharikani kwetu tangu kidato cha pili, kwa hiyo nilipoona picha yake ya utotoni na sare ya bendi, nikasema huyu ni wa kwetu.

Sasa tatizo. Pendekezo langu nililiita "Maisha na Muziki wa Carl Nielsen". Msimamizi kalirudisha na maneno matatu ya kalamu nyekundu: "Hii ni maktaba."

Tena Kidenmark changu ni cha dukani. Barua zake zimechapishwa vitabu 12, na vyote ni Kidenmark. Na kila ninachotaka kusema naona mtu alishakisema. Nimebakiwa na wiki tatu.

Nawasilisha.

Mpita_Njia

Sisi wengine Denmark tunaijua kwa kipa Schmeichel tu. Ngoja wajuzi waje, nakaa pembeni na kahawa.

MzeeWaNyaraka

Binti, msimamizi hajakutukana, amekuokoa. Nimesimamia tasnifu za historia miaka mingi, na kichwa chenye "maisha na" huwa nakikata kabla sijafungua ukurasa wa pili.

Nielsen wenyewe wapo wawili. Yupo wa nje, mtu wa simfoni, aliyejulikana sana Uingereza baada ya mtunzi Mwingereza Robert Simpson kuandika kitabu juu ya simfoni zake mwaka 1952. Simpson aliona kwamba simfoni ya Nielsen inaanza kwenye ufunguo mmoja (ile sauti ya msingi ambayo muziki unaizunguka) na kuishia kwenye mwingine, kama mtu anayesafiri na asirudi alikotoka. Yupo na wa nyumbani, aliyeshirikiana na mtunzi mwenzake Thomas Laub kutunga nyimbo rahisi za watu wote waimbe. Watafiti wamevutana juu ya hao wawili mpaka leo.

Halafu jambo moja likutie moyo: huyo Simpson aliibeza Simfoni ya Sita, kisha toleo la 1979 akabadili maneno yake. Kama bingwa anaweza kujirudi baada ya miaka 27, usiseme kila kitu kimeshasemwa.

Wewe tafuta swali linaloenea kwenye meza moja. Una tromboni mkononi, unahangaika nini?

Mbea_Mstaarabu

Mimi ningeandika ndoa. Mke wake Anne Marie alikuwa mchongaji sanamu, walikutana Paris, wakafunga ndoa Florence mwaka 1891. Baadaye mambo yakaharibika kwa sababu ya wanawake wengine, wakatengana kisheria 1919, wakarudiana 1922. Na barua zipo! Hiyo ndiyo inayosomwa dada yangu.

MzeeWaNyaraka

@Mbea_Mstaarabu inasomwa, ndiyo. Lakini huyo mama alichonga sanamu ya Mfalme Christian wa Tisa juu ya farasi, kazi ya miaka mingi. Anastahili tasnifu yake mwenyewe, asiingizwe kama sura ya tatu ya machozi kwenye tasnifu ya mumewe.

NotaNusu_Nairobi

Dada, wewe ni mtu wa tromboni na hakuna aliyekuambia habari ya Konseto ya Filimbi ya Nielsen, yaani filimbi moja ikiongoza mbele ya okestra?! Ya mwaka 1926. Fungua nota zake uangalie orodha ya ala. Obo mbili, klarineti mbili, basuni mbili, honi mbili, timpani, nyuzi. Tarumbeta hakuna hata moja. Halafu katikati yao kuna tromboni moja ya besi, peke yake kama mjomba aliyekuja kwenye harusi asiyoalikwa.

Nimeipiga hiyo sehemu mara moja. Unakaa kimya kurasa na kurasa, unahesabu mapumziko hadi unachoka. Kisha unaingia, na filimbi inaanza kukukemea. Mwishoni kabisa ni wewe tromboni unayerudi na ule wimbo kwenye E meja, ufunguo ambao filimbi imekuwa ikiutafuta muda wote, halafu unateleza glisando juu na chini kama mlevi anayepanda ngazi. Watu ukumbini walicheka kwa sauti. Mpiga filimbi wetu hakucheka.

Na kuna utamu zaidi. Ilipopigwa mara ya kwanza Paris, Oktoba 1926, Nielsen alikuwa amebanwa na muda, akaweka mwisho wa muda tu. Mwisho tunaoujua leo ulisikika Januari 1927. Kwa hiyo una miisho miwili ya kulinganisha. Hiyo si meza moja Mzee?

Binti_Tromboni

NotaNusu nimeruka kitandani! Nimeisikiliza mara tatu tangu asubuhi.

Sasa oneni hiki. Kitabu chake cha kumbukumbu za utoto kule Funen kilitoka 1927. Yaani miaka ileile ambayo alikuwa akimkumbuka yule mvulana wa bendi ya Odense, tromboni inaibuka kwenye konseto na kuiba onyesho. Na kwenye Simfoni ya Sita ya 1925, sehemu ya pili, tromboni inapiga miayo kabisa! Mada si ndiyo hii? Kumbukumbu za utoto zilirudisha tromboni kwenye muziki wake wa uzeeni.

Bi_Mhariri

Pole mwanangu, nakumwagia maji ya baridi kidogo. Mambo mawili kutokea mwaka mmoja si ushahidi kwamba moja lilizaa lingine. Tromboni inaweza kuwa pale kwa sababu tu alipenda mzaha, na mtu aliyetunga opera ya vichekesho mwaka 1906 mzaha hakuuanza uzeeni.

Hicho kitabu nimekisoma kwa tafsiri. Kitamu kweli. Pale anaposimulia alivyokuwa akigonga magogo ya kuni nyumbani, kila gogo na sauti yake, mtu wa pwani anaona marimba hapo hapo. Lakini aliyeandika ni mzee wa miaka sitini na kitu, maarufu, anayejua wasomaji wanataka kuona mtoto maskini mwenye kipaji. Kitumie kujua alivyotaka kukumbukwa. Kwa kilichotokea Odense mwaka 1879, tafuta karatasi za wakati ule.

Fanya hivi. Usisome vitabu vyote 12 vya barua. Chukua vinavyogusa 1924 hadi 1927 tu, tumia faharasa, tafuta tromboni, Odense, bendi, filimbi. Kwa Kidenmark cha dukani na kamusi, kurasa hizo utazimudu. Upo pia uteuzi wa barua kwa Kiingereza, lakini uutumie kama fimbo ya kutembelea. Anachokiacha mfasiri ndicho unachoweza kukihitaji wewe.

Nota zenyewe ni bure. Maktaba ya Kifalme ilichapisha kazi zake zote kati ya 1994 na 2009, unapakua tu, na dibaji zimeandikwa kwa Kidenmark na Kiingereza. Wanafunzi wanaziruka dibaji na yale maelezo ya wahariri ya nyuma, kumbe ndimo mlimo habari ya nani alifuta nini kwa penseli. Usitumie toleo lolote lililo rafuni. Simfoni ya Tano ilitolewa upya 1950, miaka 19 baada ya kifo chake, ikiwa na marekebisho ya kondakta Erik Tuxen na ya Telmányi, mkwe wa Nielsen. Kuna watu wamechambua sauti za mkwe wakidhani ni za Nielsen.

Na taja kila kazi kwa namba za CNW, ile orodha ya kazi zote za Nielsen. Zile za opus, namba za zamani za kazi zake, zimevurugika, zitakutia aibu siku ya utetezi.

Mpita_Njia

Kahawa imeisha, naongeza nyingine. Kumbe kuna umbea hata kwenye nota.

Binti_Tromboni

Mrejesho wakuu. Bi Mhariri maji yamenifika, ahsante. Neno "zilirudisha" nimeliondoa. Kichwa kipya: "Tromboni ya besi katika miisho miwili ya Konseto ya Filimbi ya Carl Nielsen, 1926–1927". Bendi ya Odense imebaki na kurasa nne, na kitabu cha utoto nimekiweka upande wa swali, si upande wa jibu. Msimamizi safari hii kaandika maneno mawili: "Sasa endelea."

Kesho saa nne asubuhi nina miadi Maktaba ya Kifalme. Kalamu ya wino hairuhusiwi, nimechonga penseli tatu. NotaNusu, wakiniruhusu kupiga picha ule ukurasa wa glisando nitakutumia. Mwonyeshe na yule mpiga filimbi wenu.