Mjadala: Marumaru halisi kwenye kuta za nje za maghorofa, ipigwe marufuku?

Mleta mada:
Wakuu, kwanza tuelewane kwenye neno, maana mjini hapa kila kigae kinaitwa marumaru. Naongelea jiwe lenyewe, lililochimbwa mlimani, likachanwa mabamba na kutundikwa nje ya jengo refu. Msimamo wangu: juu ya ghorofa ya tatu lisiruhusiwe, hata tajiri akilia.

Chicago kuna jengo ambalo leo linaitwa Aon Center. Ghorofa 83, mita 346. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, likavikwa marumaru nyeupe ya Carrara, Italia, mabamba kama 43,000. Hata ujenzi haujaisha, bamba moja la kilo 160 hivi likachomoka na kutoboa paa la jengo jirani. Mwaka 1985 wakaguzi wakakuta mabamba yamepasuka na kubinuka. Mwisho wakabandua jengo zima, 1990 hadi 1992, wakavika granaiti. Gharama ilipita dola milioni 80. Toronto nako, jengo la First Canadian Place, bamba lilidondoka kutoka ghorofa ya 54 mwaka 2007. Likavuliwa marumaru yote, likavikwa vioo.

Fundi wa Kigogo:
Mkuu, mada nzuri ila umekimbilia marufuku. Kwanza, Chicago na Toronto zinaganda. Maji yakiingia kwenye jiwe yakawa barafu, lazima lipasuke. Dar barafu iko kwenye friji tu. Pili, mimi nimetundika mawe miaka mingi, na kinachoangusha jiwe ni chuma cha bei rahisi. Mtu anaweka ndoano ya kawaida karibu na bahari, kutu inaila, halafu lawama anabebeshwa mlima wa watu wa Italia. Weka chuma kisichoshika kutu, kagua kila baada ya muda, basi.

Mleta mada:
Fundi, la kutu nakubali mia kwa mia. Ila Chicago walishajaribu dawa yako: waliyafunga mabamba mikanda ya chuma kisichoshika kutu, na bado wakaishia kuyatoa yote. Jiwe lenyewe ndilo lililokuwa limechoka.

Marumaru ni punje za madini yaitwayo kalsaiti, zilizobanana. Zikipata joto, kila punje hutanuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine, na kila moja imelala kivyake, kwa hiyo zinasukumana. Zikipoa hazirudi zote mahali pake, zinaacha nyufa ndogo. Unyevu ukiingia kwenye nyufa hizo, kazi inakwenda haraka zaidi. Barafu huongeza madhara, lakini hata pasipo na barafu jiwe linabinuka. Nyumbani tulikuwa na bamba la marumaru la meza ya zamani, limeegeshwa ukutani uani, jua la mchana lote ni lake, mvua ya masika yote ni yake. Siku moja nikaliwekea rula: kidole changu kilipita kati ya rula na jiwe. Nilipolipangusa, mkononi zikabaki chenga kama sukari. Hilo liliegemea ukuta tu, hakuna aliyepita akaumia.

Mpenda mawe:
Naomba nipinge kidogo. Parthenon, hekalu la kale kule Athens, ni marumaru, ina miaka zaidi ya 2,400. Na Helsinki, Finland, ukumbi wa Finlandia Hall, kazi ya msanifu majengo Alvar Aalto, ulifunguliwa 1971 na marumaru ya Carrara, ikabinuka, wakaweka tena Carrara mwishoni mwa miaka ya 1990, ikabinuka tena. Katika ukarabati wa juzi wameweka marumaru nyingine, ya Lasa, kaskazini mwa Italia. Wafini wajinga? Wamekataa kuvua jengo sura yake.

Mleta mada:
Wafini si wajinga hata kidogo. Wanajua wanacholipia, na jengo lao si mnara. Parthenon ni magogo ya jiwe yaliyokaa juu ya mengine, yanajibeba. Yale ya Chicago yalikuwa na unene wa kama sentimita 3, yananing'inia mita 300 juu ya vichwa vya watu. Na hapo kwenye Lasa umenisaidia: marumaru si zote sawa. Zile ambazo punje zake zimeingiana kama meno ya zipu hustahimili kuliko zile zilizopangika kama vigae. Kwa hiyo nalegeza: anayetaka marumaru juu alete kwanza vipimo vya jiwe lile lile, lililopashwa moto na kupozwa mara nyingi likiwa na unyevu. Karatasi ya muuzaji isihesabike.

Fundi wa Kigogo:
Hapo sawa, ila nani atalipia hivyo vipimo? Kwenye saiti zetu bosi anachagua jiwe kwa picha ya simu. Jumatatu naanza ukuta unaotazama magharibi, ghorofa ya sita, mawe yameshafika na hakuna aliyeniuliza yametoka wapi.

Mleta mada:
Unene?

Fundi wa Kigogo:
Sentimita mbili.