Kuondoa friwili: kuchomelea, ringi ya botomu, au habu mpya?

Tairi28, Nakuru
Wakuu, baiskeli ni ya mtumba, spidi moja, fremu ya chuma, meno 44 mbele na 18 nyuma. Nataka padali zizunguke na gurudumu muda wote. Nimetajiwa njia tatu: friwili (gia ya nyuma inayoacha gurudumu lizunguke padali zikitulia) ichomelewe; itolewe, gia ifungwe hapo kwa ringi ya botomu (ringi ya kukazia sehemu ya fremu inayobeba ekseli ya kranki); au habu, yaani kitovu cha gurudumu, ibadilishwe. Ipi inafaa?

FundiKibuye, Kisumu
Kuchomelea usijaribu. Joto linaunguza grisi na kuharibu ugumu wa chuma kinachobeba gololi, kisha friwili inayumba na cheni inaruka. Hata ikishika vizuri, bado imekaa kwenye habu kwa thredi tu. Ukikandamiza padali kinyume ili upunguze mwendo, yote inajifungua.

Pedali_Section58
Ya pili inawezekana, ila uielewe. Thredi ya friwili nyingi ni inchi 1.37, nyuzi 24 kwa inchi, na gia ya fiksi, ile isiyo na friwili, hutumia hiyo hiyo. Inaingia bila taabu. Tatizo ni ringi. Habu halisi ya fiksi ina ngazi ya pili, nyembamba kidogo, yenye thredi ya kushoto (hukazwa kwa kuzungusha kushoto): gia ikitaka kufunguka, inaikaza ringi. Habu ya friwili haina ngazi hiyo, kwa hivyo ringi ya botomu inashiriki thredi moja na gia na zinaweza kutoka pamoja.

Ukiitumia, safisha thredi kwa petroli, zikauke, paka gundi ya thredi. Ipitishe cheni kwenye gia, mkia wake uuzungushe kwenye ganda la botomu juu ya kitambaa, kisha vuta gurudumu kinyumenyume kwa nguvu. Ndipo ringi ifuate. Acha saa 24.

FundiKibuye, Kisumu
Barabara tambarare, breki mbili zikiwa nzima, sawa. Mteremko mkali kama wa Riat hapa Kisumu, hapana.

Rimu36, Kakamega
Mimi naunga mkono habu mpya, lakini hesabu mashimo ya rimu kwanza. Rimu ya nyuma ya black mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, mara nyingi ina 40, habu za fiksi nyingi 32 au 36. Hazioani. Pima pia nafasi kati ya masikio ya uma wa nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa. Habu ya fiksi kwa kawaida ni milimita 120.

Kuna njia ya nne: habu ya breki ya diski, ile ya bolti 6. Geuza gurudumu, gia ya bolti 6 ikae upande wa cheni. Hiyo haifunguki kwa kukanyaga kinyume. Lakini habu hizo nyingi ni milimita 135, na fremu za baiskeli za milimani nyingi zina masikio ya wima, hapo huwezi kusogeza gurudumu nyuma ili ukaze cheni.

Tairi28, Nakuru
Masikio yangu ni ya mlalo, rimu mashimo 36, nafasi 120.

Rimu36, Kakamega
Basi nunua habu ya fiksi. Meno 44 kwa 18 yaache hivyo. Ukizuia padali ili gurudumu la nyuma liteleze, tairi inalika sehemu 9 tofauti. Ingekuwa 48 kwa 16 ingelika sehemu moja tu, itoboke upesi.

Pedali_Section58
Cheni ipande na kushuka milimita 12 hivi katikati, uipime ukizungusha kranki, kwa sababu gia za bei nafuu si duara kamili. Kama kranki zimefungwa kwa pini, gonga pini hizo na kukaza nati zake upya baada ya safari ya kwanza: nguvu ya kinyume huzilegeza. Breki ya mbele isitoke.