Kaka kachomwa kisu tumboni, ana kilo 118, mshono umeachia. Naomba ushauri

Wakuu, poleni na majukumu. Kaka yangu ana miaka 41, urefu sentimita 172. Siku 12 zilizopita vibaka walimchoma kisu, kikatoboa utumbo mwembamba, akapasuliwa usiku uleule. Juzi karuhusiwa. Anakula na choo anapata, lakini mshono chini ya kitovu umeachia kama vidole viwili, unatoa maji ya njano. Daktari alisema unene unachelewesha kupona. Shemeji kusikia hivyo kamkatia chakula, anampa maji ya limau na mboga tu ili apungue. Moyo wangu unakataa. Je, ni sawa?

Nesi wa Usiku: Pole sana mkuu. Muombe shemeji aache leo hii. Kidonda kinajengwa kwa protini: mayai, maharage, dagaa, maziwa. Kupungua kutasubiri. Mafuta ya chini ya ngozi yana mishipa michache ya damu, na tumbo zito linavuta nyuzi kila akigeuka. Tena utumbo ulitoboka, uchafu ukamwagika ndani, kwa hiyo wadudu walishapata nafasi. Mrudisheni kesho kidonda kiangaliwe. Sukari kapimwa? Wanene wengi wana kisukari na hawajui.

Mwenye uzi: Sijasikia wakiitaja. Kesho asubuhi nampeleka.

Seremala: Mimi nilichomwa nikiwa na kilo 109. Kilichonitesa zaidi ni kifua. Niliogopa kukohoa kwa maumivu, makohozi yakatuama, nikapata nimonia. Akumbatie mto tumboni ndipo akohoe. Na asibebe kitu kizito! Mimi niliwahi kurudi kubeba mbao, sasa nina ngiri pale pale kwenye mshono.

Nesi wa Usiku: Seremala kasema kweli. Atembee pia, hata ndani ya nyumba. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, hilo laweza kuwa donge la damu, msingoje asubuhi. Vilevile maji ya rangi ya damu yakimwagika ghafla kwenye mshono: huenda tabaka la ndani limeachia. Utumbo ukionekana msiurudishe, funikeni kwa kitambaa safi kibichi, mkimbilie hospitali.

Mwenye uzi: Mrejesho. Sukari imesoma 13.8, kalazwa, kaanza insulini. Kidonda kimesafishwa, wamekiacha wazi kijae taratibu kutoka chini. Shemeji alilia sana, alidhani anamsaidia. Jioni kaleta dagaa na mayai mawili, kaka kamaliza vyote.